Ufunguo wa Daftari Anao Nani?

Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta hapa, mahali tulipozoea kuongea juu ya chanjo, shinikizo la damu na watoto wanaokataa uji. Ni habari ya daftari la biashara. Naileta kwa sababu wengi mnaonisoma mna shughuli zenu: mmoja ana duka la dawa, mwingine anapika chakula cha harusi na misiba, mwingine ana saluni mbili, na kila mmoja sasa anaambiwa na kijana wake, "Mama, hayo mambo yaweke kwenye simu." Naileta pia kwa sababu katika jambo hili nilimshauri mtu vibaya, na mtu mwenyewe ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mdogo wangu anakodisha viti na mahema. Alianza na viti 60 vya plastiki alivyonunua kwa fedha za upatu. Leo ana viti 1,100, mahema 9, masufuria makubwa, sahani, na vile vitambaa vya kufunika viti ambavyo bibi harusi wa siku hizi hakubali kuolewa bila hivyo. Kwa miaka mingi aliandika kila kitu katika madaftari matatu: la maagizo, la amana, na la vitu vilivyorudi. Biashara ilipokua, madaftari yakaanza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Jumamosi moja viti 400 vilikuwa vimeahidiwa harusi mbili, na mama wa bibi harusi wa pili akaja dukani na mawifi zake wanne. Yaliyosemwa siku hiyo siyaandiki hapa.

Ndipo nikamweleza habari ya majukwaa ya kujijengea programu. Kazini nilikuwa nimemwona kijana akitengeneza daftari la stoo kwa jioni mbili tu, nikavutiwa. Zamani ukitaka programu ya kompyuta kwa ajili ya biashara yako ilikubidi umlipe mtaalamu aandike msimbo, yaani yale maandishi ambayo mashine huyasoma na kuyatii. (Vijana huyaita kodi, lakini si ile ya mwenye nyumba.) Katika majukwaa haya sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kufanywa. Wewe unaweka jedwali la wateja, jedwali la vifaa na jedwali la maagizo, unayaunganisha, unatengeneza fomu ya kujaza, kisha unaweka kanuni, kwa mfano kwamba viti vikizidi vilivyopo stoo kwa tarehe hiyo, agizo likataliwe. Msimbo unaandika kidogo sana au huandiki kabisa. Google wana AppSheet, waliyoinunua mwaka 2020. Microsoft wana Power Apps, iliyotoka rasmi mwaka 2016. Ipo Airtable ya Marekani, ipo Baserow ya Uholanzi, na mengine mengi. Wazo lenyewe si geni. Mama aliyekuwa karani wa ofisi miaka ya 1990 atakumbuka Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, nayo ilikuwa ndugu wa hayo hayo.

Basi tukamtafuta kijana wa jirani, akajenga. Jukwaa alilotumia silitaji, maana kosa halikuwa lake. Kwa mwaka mzima mdogo wangu alifurahi mpaka akanishonea kitenge. Agizo likiingia, binti wa dukani analijaza. Dereva anaona kwenye simu yake apeleke wapi. Jioni amana inajijumlisha yenyewe. Madaftari matatu yakawekwa chini ya kitanda.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya Desemba, saa kumi na moja jioni, na kesho yake kulikuwa na shughuli sita. Binti akafungua simu, skrini ikamwambia malipo hayajafanyika na akaunti imefungwa. Kumbe kijana alikuwa amefungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe, na kila mwezi alikuwa analipa kwa kadi yake ya benki, mdogo wangu akimrudishia kwa simu. Kijana alipata kazi mkoa mwingine, kadi ikaisha muda, na barua za onyo zilikuwa zinakwenda kwenye sanduku ambalo hakulifungua tena. Simu yake haikupatikana hadi Jumapili.

Usiku ule tulikaa sebuleni watu watano, tukisoma ujumbe wa malipo mmoja mmoja ili kukumbuka nani alitoa amana na ya nini. Shemeji alizunguka na gari mpaka usiku wa manane akigonga milango ya watu. Shughuli tano tuliziokoa. Ya sita ilipata viti saa nane mchana, wageni wamekwisha kaa kwenye mikeka, na mdogo wangu akarudisha fedha yote akaongeza na ya kuomba radhi. Rejesho la mkopo la Januari likakosekana. Ada ya muhula wa kwanza ya mwanawe niliitoa mimi, na sikuiita msaada.

Nawaambia ukweli, lililoniuma zaidi ni hili. Wodini tuna kabati la dawa kali kama mofini. Ufunguo wake hukabidhiwa zamu kwa zamu, vichupa huhesabiwa mbele ya watu wawili, wote wawili huweka saini. Nimekabidhi ufunguo huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini siku tunamkabidhi kijana biashara nzima ya mdogo wangu, sikuuliza ufunguo utakaa kwa nani.

Mwezi wa Januari mdogo wangu alitaka arudi kwenye daftari moja kwa moja, na kwanza nilimwunga mkono. Daftari halina aibu. Mama mwenye maagizo kumi kwa mwezi na wasaidizi wawili hana haja ya kitu kingine, na asimsikilize kijana yeyote anayemcheka. Kwa mdogo wangu lakini, mwenye maagizo matano au sita kwa Jumamosi moja na gari mbili barabarani, daftari ndilo lililomletea wale mawifi wanne. Kwa hiyo tukakubaliana kuchagua upya, safari hii pole pole, na kabla ya kutazama rangi na picha tulianza na mlango wa kutokea.

Mlango wa kutokea maana yake ni hii: siku ukitaka kuondoka, au jukwaa lenyewe likifungwa, utatoka na nini mkononi? Si maneno ya kutishana. Google hao hao walikuwa na jukwaa jingine lililoitwa App Maker, lililokuwa likitumiwa na ofisi kujitengenezea programu zao za ndani. Mwezi Januari 2020 walitangaza kulifunga, na tarehe 19 Januari 2021 programu zote zilizojengwa humo zikaacha kufanya kazi. Taarifa zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye hifadhidata hazikupotea, wenyewe waliweza kuzichukua. Lakini fomu, kanuni na kurasa walizojenga hazikuweza kuhamishiwa jukwaa jingine. Ilibidi zijengwe upya kutoka mwanzo. Na hao walipewa mwaka mzima wa kujiandaa.

Ndivyo yalivyo karibu majukwaa yote ya aina hii. Nyumba uliyojenga humo huwezi kuibeba. Vyombo vilivyomo ndani unaweza. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama vyombo vinatoka vyote, na kwa namna gani. Omba uonyeshwe kitufe cha kupakua majedwali yote katika faili la CSV, ambalo ni jedwali la kawaida lisilo na mapambo, linalofunguka katika programu yoyote. Usikubali kuambiwa tu kwamba kipo. Kibonyeze, chukua faili, lifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine asiyejua lolote juu ya biashara yako, mwulize: Jumamosi ijayo nani anataka viti vingapi? Akiweza kujibu, mlango upo. Sisi tulijaribu majukwaa matatu. Moja lilitupa majina na tarehe vizuri, lakini mahali pa kifaa liliweka tarakimu ndefu zisizosomeka, maana jina la kifaa lilikaa katika jedwali jingine. Hilo tuliliacha.

Swali la ufunguo likafuata. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mwenye biashara, si ya fundi, si ya mpwa, si ya mfanyakazi hata awe mwaminifu vipi. Malipo yatoke kwenye kadi ya mwenye biashara. Awepo mtu wa pili mwenye mamlaka kamili, ili mwenyewe akilazwa hospitali kazi isisimame. Mdogo wangu alimweka mumewe. Na neno la siri liandikwe kwenye karatasi likafungiwe pamoja na hati za nyumba. Najua wataalamu wengine watakunja uso juu ya karatasi hiyo. Mimi nimeona wajane wengi wakihangaika na simu za marehemu, kwa hiyo nashikilia karatasi.

Kuhusu bei, jihadharini na neno "bure". Majukwaa mengi huruhusu kuanza bila malipo, kisha huweka kikomo cha mistari au cha watumiaji. Uliza kikomo kiko wapi, na uulize zaidi kitakachotokea ukikifikia. Kukataa kwa sauti si vibaya sana. Kibaya ni kukataa kimya. Uingereza, mwaka 2020, wakati wa korona, idara ya afya ya umma ilikuwa inakusanya majibu ya vipimo kwa mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambao haubebi zaidi ya mistari 65,536. Jedwali likajaa, na mistari iliyozidi ikaachwa nje bila mtu kugutuka. Wagonjwa 15,841 waliopimwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu za kila siku, na watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Mimi kama muuguzi nilisoma habari hiyo nikasimama. Viti vya mdogo wangu havitafika mistari elfu sitini na tano kamwe, lakini kikomo cha mpango wa bure kinaweza kuwa kidogo kuliko mnavyodhani.

Ukishaanza kulipa, mengi yanatoza kwa kichwa, kila mtumiaji kila mwezi, kwa dola. Chukueni kalamu. Tuseme ni dola 10. Watumiaji 7 kwa miezi 12 ni dola 840 kwa mwaka. Je, wote saba wanahitaji kuingia? Tulipokaa tukatazama, wabeba viti wanne hawakuwa na haja ya kuandika chochote. Walihitaji karatasi yenye anwani. Waliobaki ni binti wa dukani na madereva wawili, na hapo hesabu ikashuka hadi dola 360. Wengine hukwepa gharama kwa kuwapa watu wote jina moja la kuingilia. Msifanye hivyo. Kwanza mara nyingi ni kinyume cha masharti ya jukwaa, na pili hutajua nani aliandika kwamba sahani 200 zimerudi wakati zimerudi 160. Chati ya mgonjwa isiyo na saini haina thamani, na agizo lisilo na jina la aliyelijaza ni hivyo hivyo.

Mtandao nao mnaujua. Kuna majukwaa ambayo bila intaneti hayafunguki kabisa, na kuna yanayokubali uandike, yakahifadhi simuni, kisha yakapeleka mtandao ukirudi. Ya pili ni mazuri kwa dereva aliyeko kijijini. Lakini yana mtego ambao hatukuambiwa na mtu, tuliugundua wenyewe jikoni kwa simu mbili. Tulizima intaneti kwenye zote, tukapokea agizo la viti 700 kwenye moja na la viti 700 kwenye nyingine, tarehe moja. Zote zilikubali, maana kila moja ilikuwa inaangalia stoo kama ilivyoiacha asubuhi. Tukacheka, ila ilikuwa ile ile Jumamosi ya harusi mbili imerudi kwa nguo mpya. Kwa hiyo sasa kuna sheria ya nyumba: maagizo yanapokelewa dukani tu, penye mtandao, na mtu mmoja, madereva wanaandika kupeleka na kurudisha basi. Hakuna jukwaa lililotufanyia uamuzi huo.

Sasa siri. Orodha ya wateja wa viti inaonekana kitu kidogo, lakini hebu mwitazame kwa jicho la mwizi: jina, simu, nyumba ilipo, na siku ambayo familia nzima itakuwa ukumbini. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya UpGuard ilitangaza kwamba rekodi milioni 38 zilizokuwa katika kurasa zilizojengwa kwa Power Apps zilikuwa zinaweza kusomwa na yeyote kwenye intaneti. Zilikuwa za taasisi 47, zikiwamo idara za afya, na ndani yake kulikuwa na taarifa za waliofuatiliwa kwa korona na miadi ya chanjo. Hakuna aliyevunja mlango. Kanuni inayosema nani aone jedwali gani ilikuwa haijawashwa, kwa kuwa wakati ule jukwaa liliiacha imezimwa hadi mjenzi aiwashe mwenyewe; baadaye Microsoft walilibadilisha hilo. Wajenzi wa taasisi hizo walikuwa watu wa kazi hiyo, sembuse kijana wa jirani anayejenga usiku baada ya kutoka shule.

Jaribio ni rahisi. Chukua simu ambayo haijawahi kuingia kwenye programu yako, andika anwani yake, uone unachoonyeshwa. Kisha ingia kama dereva uone kama unaona amana za wateja, jambo ambalo dereva hana haja nalo. Tena kumbukeni kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Zinamgusa mwenye saluni kama zinavyoigusa benki.

Baada ya yote hayo mdogo wangu alichagua kuweka majedwali yake katika Google Sheets kwa akaunti yake mwenyewe, na AppSheet juu yake kwa ajili ya fomu za simu. Sisemi ndiyo bora kuliko zote. Sababu yetu ilikuwa moja: AppSheet ikifungwa au bei ikimshinda, majedwali yanabaki palepale, yanasomeka bila fundi. Akiondoka, atajenga fomu upya, lakini hatawapigia wateja usiku. Tuliyatazama pia yale ya wazi, kama Baserow, ambayo unaweza kuyaweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kwa shule au hospitali yenye mtaalamu wake ni jambo zuri sana. Kwa mama wa viti ni kuchimba kisima kwa ajili ya kuosha vyombo vya siku moja, maana atahitaji mtu wa kuhifadhi nakala, kushughulikia umeme na kusasisha programu kila mara.

Kujenga kwenyewe kulichukua siku chache. Kilichochukua wiki tatu ni kusafisha madaftari ya zamani. Mteja mmoja aliandikwa kwa majina manne: kwa jina la mumewe, la mwanawe wa kwanza, la mtaa wake, na "yule mama mrefu". Tukakubaliana mteja atambuliwe kwa namba ya simu. Masufuria nayo yalikuwa "makubwa" na "makubwa sana", mpaka tulipoyapima kwa lita. Kama daftari lako lina "makubwa sana" ndani yake, anzia hapo. Kompyuta italipokea neno hilo bila kuuliza.

Zahanati moja ndogo iliposikia habari hii, msimamizi wake akanijia: tujenge na sisi, tuweke majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Nikamwambia stoo ya glavu na sabuni, ndiyo, karibu. Wagonjwa, hapana. Vitabu vya MTUHA vipo, na mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya afya ipo, na mimi sitajenga kwa jioni mbili kabati la siri za watu. Alinuna kidogo. Siku hizi tunasalimiana.

Kwa mdogo wangu sasa, kila Ijumaa saa nne asubuhi binti anachapa orodha ya shughuli za siku mbili zijazo na kuibandika nyuma ya mlango wa stoo. Kila mwisho wa mwezi mdogo wangu anapakua majedwali yote, na shemeji anayafungua kwenye kompyuta ya ofisini kwake kuhakikisha yanasomeka. Yule kijana wetu alikuja likizo ya Pasaka, akaiona programu mpya, akaomba neno la siri ili aongeze rangi na picha za maua. Mdogo wangu akamkaribisha chai, akamsikiliza vizuri, akamfungulia nafasi ya mtumiaji wa kawaida.